Baba Yake Anaitwa Blaimi

Juzi nilikuwa Kibaoni kununua mchele, na pikipiki iliyonibeba ikakata mnyororo mbele ya gereji. Nikakalishwa juu ya tairi bovu nisubiri. Hapo ndipo harufu iliponikuta: grisi iliyokaa juani, chuma kilichotoka kuchomelewa, na vumbi jekundu lililomwagiwa oili chafu. Kijana fundi akaangusha nati mchangani, akasema, "Duh!" Ilipomponyoka mara ya pili akasema, "Hakyanani!" Nikaangua kicheko peke yangu, mwanamke mzima mwenye wajukuu, mpaka yule kijana wa pikipiki akaniuliza kama niko salama. Nikamjibu kwamba niko salama salimini, ila nimerudi karakana kidogo.

Karakana yenyewe ilikuwa ya mgodi wa madini ya risasi pale Mpanda, miaka ya hamsini, na aliyekuwa akiangusha nati humo alikuwa Mwingereza. Reli ilikuwa bado ngeni, na treni ikipiga honi watoto wa laini tuliacha hata chakula tukakimbia kuiangalia. Laini ndizo zile nyumba za wafanyakazi wa mgodi, za matofali na bati, zimepangwa mstari kama darasa la watoto watiifu. Mchana bati lilichemka, na jioni likipoa lililia ko, ko, ko, tukawa tunajua siku imekwisha. Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea, na nguo zake zote zilikuwa na vitundu vya cheche. Mama alikuwa amejifungua mtoto wa nne. Mimi nilikuwa wa kwanza, Leokadia, nina miaka tisa au kumi, na niwaambie ukweli bila haya: nilikuwa na akili, nilijua kwamba nina akili, na nilikuwa na mdomo.

Kazi yangu siku zisizo za shule ilikuwa kumpelekea Baba chakula. King'ora cha saa sita kikilia, mimi niko tayari getini na sufuria yangu imefungwa kwa kitambaa, ugali na dagaa wa ziwani. Mlinzi alinizoea. Ndani ya karakana kulikuwa na giza lenye baridi, mashine zinaguguma, na katikati yake yupo mkubwa wa Baba, Mzungu mfupi mwekundu, masikio yanabambuka ngozi kwa jua, kaptula yake imelowa oili na mikono imechakaa kama ya Baba. Jina lake halisi sikulijua wakati ule na silijui mpaka leo. Wazungu wote pale mgodini walikuwa na majina tuliyowapa sisi kwa yale tuliyoyaona kwao, na huyu tulimwita Bwana Blaimi.

Tulimwita hivyo kwa sababu neno hilo halikumbanduka mdomoni. Bolti ikikatika, "Blaimi!" Lori likirudi kutoka porini na pembe ya nyati imekwama kwenye bodi, "Blaimi!" Alikuwa na mengine pia, na mimi niliyajua yote kwa sababu nilikaa nikiyasikiliza wakati Baba anakula. "Goshi" lilikuwa la vitu vidogo, kama chai kumwagika. "Koo" alilisema kwa kuvuta, akiona kitu kizuri. "Struthi" lilikuwa la joto la Oktoba. "Kraiki" nililisikia mara moja tu, nyoka alipotoka kwenye sanduku la spana, na siku hiyo Bwana alipanda juu ya meza ya kazi akiwa na viatu vyake. Lakini Blaimi lilikuwa la kila siku, na ndilo nililolipenda. Nikalibeba nikaenda nalo nyumbani.

Sasa lazima niwaeleze jambo moja la kwetu, maana bila hilo hamtaelewa. Kwetu mtu akishtuka, unamjua ni wa nani. Karani wa stoo aliyetoka pwani alishtuka kwa "Lahaula!" Mama yangu, mfuasi wa misheni, alisema "Yesu na Maria!" Baba alisema "Alaa!" akanyamaza, kwani hata kushtuka alishtuka kwa ubahili. Lakini bibi yangu, mama yake Baba, Mkonongo wa Kasokola, alishtuka kwa desturi ya zamani: alimwita baba yake. Kikombe kikivunjika, "Katambi wee!" Radi ikipiga, "Katambi wee!" Mzee Katambi alikufa kabla hata Baba hajazaliwa, lakini bintiye hakuacha kumwita, na ukisikia sauti ile ungedhani anakuja mbio kutoka shambani.

Bibi alikuja kukaa nasi kumsaidia Mama na mtoto mchanga. Wiki ya kwanza tu, chungu cha maharage kikafurika jikoni, nami nikaruka nyuma nikapiga kelele, "Blaimi!"

Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua mchele. Akasimamisha mkono.

"Umemwita nani?"

"Sijamwita mtu, Bibi. Ndivyo anavyosema yule Mzungu wa kina Baba akishtuka."

"Aha," Bibi akasema, na uso wake ukalainika. "Basi huyo ni baba yake. Mtoto mwenye adabu. Yuko mbali na kwao vile, lakini kutwa anamtaja baba yake."

Nilibaki mdomo wazi. Ilikuwa wazi kabisa, na mimi na akili zangu zote sikuwa nimeliona. Lakini Bibi hakuwa amemaliza.

"Sasa wewe, mke mwenzangu," akasema, kwa kuwa ndivyo alivyoniita, nikiwa mjukuu wa mumewe, "baba yako yupo, babu zako walikuwepo. Unamwita mzee wa watu kutoka ng'ambo aje akuepulie chungu? Na akija kweli utampa nini? Analala wapi? Humu chumba hakuna."

Siku mbili hazikupita, laini nzima ilijua kwamba baba yake Bwana anaitwa Mzee Blaimi. Niliieneza mimi mwenyewe, kwa fahari, nyumba kwa nyumba. Kina mama wakamwonea huruma. Alipopita na baiskeli yake asubuhi, walimsimamisha kwa heshima na kumuuliza, "Mzee Blaimi hajambo huko?" Naye akainua kofia, akajibu, "Jambo, jambo, mama!" akaenda zake amefurahi. Sidhani kama kuna Mzungu aliyewahi kupendwa pale kama yeye.

Na mimi, pamoja na kukanywa, sikuliacha lile neno. Nilipoanguka, Blaimi. Niliposhinda mchezo wa rede, Blaimi. Lilikuwa tamu mdomoni, na hakuna mtoto mwingine aliyekuwa nalo. Ndiyo maana wenzangu waliponibishia kwenye mafundisho ya komunyo ya kwanza kwamba hakuna mtu anayeitwa hivyo, nilinyoosha mkono mbele ya wote. Aliyetufundisha alikuwa padre Mholanzi, mrefu, aliyekuja kutoka misheni mara moja kwa wiki na kikapu cha picha za watakatifu.

"Padre, waambie hawa. Blaimi si baba yake yule Bwana wa karakana?"

Padre akanitazama. Kwanza midomo yake ikacheza kama mtu anayezuia kicheko. Halafu akakumbuka kwamba yeye ni padre.

Akatueleza taratibu, kwa Kiswahili chake kizuri kilichonyooka mno. Alisema hilo si jina la mtu. Ni kiapo cha zamani cha Waingereza, cha watu wa mitaani huko London, ambao walipotaka kuaminiwa walisema maneno marefu: Mungu na anipofushe macho kama nasema uongo. Wakalisema kila siku mpaka likachakaa, likakatika kichwa na mkia, likabaki Blaimi. Siku hizi wanalisema wakishangaa tu, wala hawakumbuki limetoka wapi. Nikamuuliza mengine. Struthi, akasema, ni ukweli wa Mungu. Goshi na Koo ni jina la Mungu mwenyewe limevishwa nguo nyingine ili lisitambulike. Kraiki ni Kristo. "Wanaogopa kumtaja Mungu bure," akasema, "kwa hiyo wanamtaja kidogokidogo. Lakini Mungu anajua jina lake."

Leo nikifikiri, naona wala hawakutupita. Huyo fundi wa Kibaoni alipoangusha nati aliapa kwa haki ya Mungu, akamtoa Mungu akaweka "nani", na hakuna aliyegeuka kumtazama. Kila watu wana viapo vyao vilivyochakaa. Lakini siku ile sikuwa na hekima hiyo. Wenzangu walicheka, mimi nilikaa nimeganda. Nilianza kuhesabu moyoni ni mara ngapi nimemwomba Mungu anipofushe, nikakosa hesabu. Nilimwomba wakati wa rede. Nilimwomba nikioga. Nilimwomba Jumapili nikiwa njiani kwenda misa.

Nilikwenda nyumbani nimefumbua macho kwa nguvu, sipepesi, nikijaribu kila kitu kama bado kipo. Mti ulikuwepo. Bati lilikuwepo. Macho yangu yalikuwa mazima, na nikashangaa kwa nini Mungu amenisamehe. Halafu nikaingia uani, nikamwona Bibi anajaribu kutunga uzi kwenye sindano.

Alikuwa ameishika juu, kuelekea mwangani, na uzi ulipita pembeni. Akaulowesha kwa mate, akajaribu tena, ukapita pembeni. Nikasogea. Sikuwahi kumtazama Bibi machoni kwa makini. Watoto hatukutazama wakubwa hivyo. Jicho la kulia lilikuwa na utando, jeupe kama maji yaliyooshewa mchele, na la kushoto limeanza. Yote niliyokuwa nayaona bila kuyaona yakanijia kwa pamoja: alivyochambua mchele kwa vidole tu, alivyopita ameshika ukuta, alivyoniuliza, "Nani huyo?" wakati nimesimama mbele yake. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Mungu alisikia kiapo changu. Lakini kwa kuwa mimi ni mtoto, alichukua macho ya mtu aliye karibu nami.

Msinicheke. Nilikuwa na hakika nayo kama ninavyojua jina langu. Nilikuwa nampofusha bibi yangu, na kila nilipolisema lile neno nilimpunguzia mwanga.

Nilijitupa miguuni pake nikamwambia yote, nalia mpaka makamasi yanachuruzika. Alinisikiliza hadi mwisho. Hakucheka, na hakusema kwamba ni upuuzi, maana kwetu neno si upuuzi. Neno baya likitoka lina miguu. Lakini lina dawa pia, na dawa yake ni maji. Mwenye neno anajaza maji mdomoni, anaelekea jua linakozama, anayatema kwa nguvu, anasema, "Nimelitoa." Watu wakigombana walifanyiwa hivyo. Mzazi aliyemwapiza mtoto kwa hasira alifanya hivyo, na mtoto alilala vizuri.

"Chota maji," Bibi akasema. "Jaza mdomo. Geuka kule. Tema."

Nikatema mpaka mashavu yakauma. Nikasema nimelitoa. Bibi akanifuta uso kwa kanga yake na kuniambia yamekwisha.

Kesho yake asubuhi akajikwaa kwenye ndoo iliyokuwa katikati ya ua, mchana kweupe.

Hapo mdomo wangu na akili yangu vilikaa kikao. Sababu niliipata haraka: neno lile halikuwa langu. Mimi nililiazima. Mwenyewe yupo karakana na hajatema kitu. Nami ninaweza kutema hata mto mzima, kama mwenyewe bado analisema kutwa, Bibi atapona vipi? Sikumuuliza mtu. Saa sita king'ora kilipolia, nilibeba sufuria ya ugali kichwani na kopo la maji safi mkononi.

Baba aliona kopo akauliza la nini. Nikamweleza kwa sauti ya chini. Alaa! Uso wake ulibadilika rangi. Alitazama kulia, akatazama kushoto.

"Wee mtoto, unataka nifukuzwe kazi? Nimwambie Bwana ateme mate?"

"Si mate, Baba. Ni maji."

"Leokadia, nenda nyumbani!"

Sikwenda. Nilisimama na kopo langu katikati ya karakana, miguu nimeikaza sakafuni. Bwana Blaimi akatoka chini ya lori, akaniona, akauliza kwa kile Kiswahili chao cha mgodini, "Toto nataka nini?"

Baba, mtu mzima, Mkristo, akadanganya mchana mchana. "Ameleta maji ya kunywa, Bwana. Kwa sababu ya jua."

"Oo! Asante sana, toto. Leo moto mingi." Akalichukua kopo, akalielekeza mdomoni, na kabla sijapata sauti, akanywa lote. Nililiona koo lake likipanda na kushuka.

"Tema!" nikapiga kelele. "Baba, amelimeza! Amelimeza! Mwambie ateme!"

Mashine moja ilikuwa inazunguka, mtu akaizima. Mafundi wote wakageuka. Bwana akasimama na kopo tupu, ananitazama mimi, anamtazama Baba, na akasema nini? Akasema, "Blaimi!" Nami nikaangua kilio cha msiba.

Baba hakuwa na pa kutokea tena. Ikabidi aeleze kwa Kiingereza chake, Kiingereza cha nati na bolti, huku jasho linamtiririka. Nilimwona akionyesha macho. Nilimwona akionyesha mdomo, akionyesha mimi, akionyesha upande wa nyumbani. Bwana alianza kucheka, kicheko kikubwa mpaka akashika meza. Akaja akachuchumaa mbele yangu, uso wake mwekundu karibu na wangu, akasema, "Mimi toto kama wewe, mimi sema Blaimi, mama yangu kamata mimi, weka sabuni hapa." Akatoa ulimi akausugua kwa kidole kichafu. "Sabuni! Nguvu!"

Kilio changu kikakata. Kumbe na kwao mdomo unaoshwa. Tena kwa sabuni! Nikawaza kwamba huyo mama yake alikuwa mtu wa maana, na kazi yake ndiyo hii niliyokuja kuimalizia.

Halafu Bwana akauliza, "Macho ya nani?" Baba akamjibu, "Ya mama yangu, Bwana. Hayaoni vizuri." Kicheko kikamfutika usoni chote. Akasimama, akavua kofia, akaenda mwenyewe bombani kujaza kopo. Akaniuliza aelekee wapi. Nikamwonyesha jua linakozama, upande wa mlango mkubwa. Akajaza maji mpaka mashavu yakavimba, akatema mbali, mbali kabisa, kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Nikamwambia aseme, "Nimelitoa." Akasema, "Nimelitoa." Hakuna fundi aliyecheka. Mmoja alivua kofia pia.

Aliporudi kwenye lori akajigonga paji la uso kwenye bodi, nikamsikia, "Bla—" halafu akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akanigeukia kwa hofu, kama mtoto aliyekutwa anaiba sukari. Nikamwitikia kwa kichwa kwamba nimemsamehe, kwa kuwa hakumaliza.

Nilikimbia nyumbani kama niliyeshinda vita. Bibi alikuwa ameketi mlangoni, Mama yumo ndani ananyonyesha.

"Bibi! Mwenyewe ametema! Unaona sasa?"

"Ametema? Yule Mzungu?"

"Ametema mpaka nje! Hivi ni vidole vingapi?"

Akanyoosha mikono, akaukamata mkono wangu akiuchezea-chezea, akanivuta kifuani. "Vitatu," akasema. "Na vyote vichafu."

Ni kweli vilikuwa vitatu. "Na gauni langu lina nini?"

"Lina grisi. Mama yako atakupiga."

Lilikuwa na grisi, hapa begani. Furaha ilinijaa. Lakini mimi ni mimi, sikutaka kubaki na shaka hata chembe. Nikamshika magoti, nikamwambia, "Apa, Bibi."

Bibi hakuwahi kuapa. Nyumbani kwetu mtu aliyeapa hata kwa ajili ya chumvi iliyopotea alifukuzwa jikoni. Akaushika uso wangu kwa mikono miwili, vidole vyake vikapita kwenye paji, kwenye pua, kwenye machozi yaliyokaukia mashavuni.

"Mungu anipofushe," akasema, "kama sikuoni, mke mwenzangu."

Nami nikatoka mbio kwenda kucheza rede.

Mtoto mchanga alipoanza kutambaa Bibi alirudi Kasokola, na huko mambo ya uzee yakaendelea kama yanavyoendelea. Tulipomtembelea alikuwa anaongozwa kwa fimbo. Sikuumia kama mlivyotarajia, maana nilijua kwamba siku ile aliona, aliapa, na kosa langu lilifutwa. Upofu huu ulikuwa mwingine, wa umri. Nililala usingizi wangu wote wa utoto bila deni kwa mtu. Alipofariki nilimlilia kama mjukuu anavyomlilia bibi, basi.

Baadaye nikasomea uuguzi, Tabora. Siku moja katika wodi ya macho daktari alituonyesha bibi mmoja wa kijijini mwenye utando uleule, mweupe kama maji ya mchele. Mtoto wa jicho, akasema. Huchukua miaka, unakuja taratibu, hauhusiani na neno la mtu yeyote. Akamwonyesha vidole vitatu, na yule bibi akanyoosha mikono kuvitafuta hewani. Nilitoka wodini nikaenda kusimama koridoni.

Likizo ilipofika nilikaa na Mama tunamenya karanga, nikamwambia sasa nimejua. Vidole alivihesabu kwa mkono. Grisi aliinusa. Bibi hakuwa ameona kitu.

"Alikuwa anaona kidogo," Mama akasema. "Jicho la kushoto. Aliona mwanga wa mlango. Ndio uliokuwa unamtoa nje asubuhi."

Akaniambia kwamba yeye alisikia kile kiapo kutoka chumbani. Nilipotoka tu mbio, alimlaza mtoto chini, akachukua kopo la maji na kumpelekea mama mkwe wake. Alikuwa ameogopa. Alimwambia, "Mama, litoe hilo neno. Tema sasa hivi, kabla jua halijazama." Bibi alilishika kopo, akalirudisha likiwa limejaa.

"Nimelisema kwa ajili ya mtoto," alimjibu. "Silitemi."

Mvua za mwaka ule zilipoanza, Mama akasema, hakuuona tena hata mlango.

Mimi ni muuguzi. Nimeshika macho ya watu wengi, na najua kwamba jicho lile lingezima tu, awe ameapa au hakuapa. Lakini Bibi hakujua. Yeye alijua kwamba neno lina miguu, na kwamba amebakiziwa mwanga wa mlango mmoja. Alidhani anautoa, na akautoa, na mimi nilikuwa nje napiga kelele za rede.